Kizuizi cha Mama Manase

Pale Issuna msiba wa Mnyaturu ulikuwa haujaiva mpaka Asnath afike. Asnath, Mama Manase, alikuwa Mnyiramba, mtani wao, ameolewa hapo na kuachwa hapo hapo. Siku za mnada aliuza mitumba, tangu serikali ilipofungulia watu biashara. Mteja akigeuzageuza sweta bila kununua, alimwambia, "Aliyelivua yuko hai Ulaya anakunywa chai, wewe unaogopa mzimu gani?" Kwenye misiba ulimi huo huo ulipata kazi ya heshima. Mtani anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anaziba njia ya kaburini mpaka apewe kuku. Hakasirikiwi wala hatozwi faini. Ndiyo mila.

Aprili ya mwaka 2001 alikufa Chediel, dereva wa lori la mtu binafsi. Lilimshinda kwenye mteremko wa Sekenke. Miaka saba nyuma Chediel alikuwa akipeleka mahindi ya msaada Ngara, kwenye kambi za wakimbizi, na safari moja akarudi na mke. Febronia alikuwa mwanamke mkimya, anayekaa amekunja miguu hata penye nafasi. Watu walijua ametokea kwenye mauaji ya Rwanda, kama walivyojua mwingine ametokea Kondoa. Asnath mwenyewe aliyasikia mauaji yale redioni, akasikitika, kisha betri zikaisha. Walipozaa binti, Loyce, mambo ya Rwanda yakaisha kabisa vinywani mwa watu.

Siku ya mazishi Asnath aliamka na nguvu. Alivaa kofia na koti la Chediel, akachukua ule mti wa kufungia zizi lake la mbuzi, akaulaza katikati ya njia inayopita kwenye alizeti kwenda kaburini. Wanyiramba wenzake sita wakapanga mstari nyuma yake, huyu na rungu, yule na panga la kukatia mabua.

"Simama hapo," alimwambia wa kwanza. "Kabila?"

"Mnyaturu."

"Unaona hata aibu kutaja. Kaa kushoto. Wewe mwenye kitambi, kabila?"

"Mimi Mgogo, mama."

"Pita, omba-omba, leo hatuna shida na wewe. Tunawatafuta Wanyaturu. Mmoja tumempunguza, mkiisha wote mtama utashuka bei."

Watu walicheka mpaka wabeba jeneza wakalitua chini wapumue. Mzee Alute, baba wa marehemu, alijifuta machozi, akacheka naye, maana kicheko hicho ndicho kinachomvusha mzazi mpaka kaburini.

Ndipo Febronia akafika kwenye mti, amemshika Loyce mkono.

"Na wewe," Asnath akasema, akigongesha kwenye mti panga alilolipokea kwa mwenzake. "Kabila? Na huyu mtoto wa nani?"

Febronia hakumtazama usoni. Alitazama panga. Kisha akakibandua kiganja cha mtoto kwenye mkono wake, kidole kimoja kimoja, taratibu.

"Si wangu," akasema. "Ni wa jirani. Mimi simjui."

Asnath alifurahi. Alidhani mgeni amejifunza utani hatimaye, na tena anaujua. "Si wako? Basi tumepata wa kutuchungia mbuzi," akasema, akamvuta Loyce kwa mkono kumvusha upande wake. Watu wakacheka. Mtoto akalia, "Mama."

"Mchukueni," Febronia akasema kwa sauti ile ile. "Mwangalieni, hafanani na mimi. Mimi ndiye mnayemtafuta."

Akapiga magoti, akavua viatu, akaviweka sawasawa pembeni ya mti. Mkojo ukashuka ukalowesha kanga yake na mchanga. Kicheko kilikatika nyuma, kikakatika na mbele, kikabaki cha mtu mmoja aliyekuwa mbali hakuona. Asnath alikuwa bado na panga mkononi.

Chediel alizikwa. Siku tatu baadaye Asnath aliswaga mbuzi wawili mpaka kwa Mzee Alute akamwambia, "Shikamoo, baba. Nimekuja mnitoze."

"Marahaba. Nikutoze nini?"

"Mbuzi. Hata wawili."

"Mtani hatozwi, Mama Manase. Umefanya kazi yako vizuri, sisi tumecheka. Yule ana mambo ya kwao."

"Na mimi ndiye niliyemletea ya kwao mpaka hapa."

"Nenda nyumbani," mzee akasema. "Ukianza kulipa wewe, kesho nani atatutania?"

Akarudi na mbuzi wake. Mnadani watu walimsifia kile kizuizi. Asnath aliona kila sifa kama mtu anamwekea kaa la moto kifuani, na lililomchoma zaidi halikuwa lile panga. Alijua tangu redio ile ya mwaka wa tisini na nne kwamba huko watu walisimamishwa njiani wakaulizwa makabila. Alijua. Lilikuwa limekaa kichwani pamoja na bei ya sweta, na siku ya kulikumbuka hakulikumbuka, kwa sababu watu walikuwa wanacheka na mchekeshaji ni yeye.

Mbaya zaidi ni Loyce. Mtoto alihamia kwa bibi yake, akagoma kurudi. Mama yake akimwita, alisema, "Yule hanijui."

Wiki ya tatu Asnath alifunga kuku miguu, akaenda kwa Febronia. Alimkuta uani anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama," Febronia akasema.

Salamu hiyo ilimuuma kuliko tusi. "Usiniamkie. Nimekuja kuomba msamaha."

Febronia alisogeza kigoda. "Kwetu kabila liliandikwa kwenye kitambulisho," akasema, ungo ukiendelea. "Lakini hawakuanza na mapanga. Walianza na vichekesho. Redioni, baa, kwenye harusi. Walituita wadudu, na kuna vingine vilichekesha kweli. Na sisi tulicheka, tusionekane tuna kiburi."

"Huku kwetu ni utani tu," Asnath akasema, na papo hapo akatamani kulimeza neno hilo.

"Najua. Chediel alinieleza. Kichwa kilijua, magoti hayakujua." Aliuweka ungo chini. "Kwenye kizuizi cha kule nilikuwa na mtoto wa kiume, Innocent. Alikuwa na miaka minne. Waliniuliza wa nani. Yule jirani aliyekuwa mbele yangu alikuwa wa kabila lao, alinikonyeza niseme ni wake. Mimi nikasema ni wangu."

Kwa mara ya kwanza Asnath aliuona ulimi wake kama kitu cha mtu mwingine.

"Wa pili nimemkana, akapona," Febronia akasema. "Sasa hanitaki. Mwambie wewe. Mimi nikisema, ataona natafuta sababu."

Asnath alimkuta Loyce nyuma ya nyumba ya bibi, anachezea vifuniko vya soda. Asnath akakaa chini kwenye vumbi, gauni la mnadani na yote.

"Siku ile mama yako alisema hakujui kwa sababu yangu," akasema. "Alidhani nataka kukuua. Akakuficha kwa maneno, maana hakuwa na kingine."

Mtoto alimtazama. "Ulitaka kuniua?"

"Hapana. Nilikuwa nacheza."

"Mama alijua unacheza?"

"Hakujua."

"Na wewe ulijua yeye hajui?"

Asnath angeweza kusema hapana. Nusu ya jibu hilo ingekuwa kweli, na mtoto wa miaka mitano hana pa kulihakikishia.

"Nilipaswa kujua," akasema. "Nilikuwa nacheka."

Loyce aliokota vifuniko vyake kimoja kimoja, akavitia kwenye pindo la gauni. Akasimama, akashika njia ya kwa mama yake peke yake. Asnath alipoinuka amfuate, mtoto aligeuka.

"Wewe usije," akasema.

Asnath akarudi akakaa pale pale vumbini, akimtazama mpaka alizeti zikamficha.