Sikio Lililopotea Daftarini

Saa moja na nusu asubuhi. Nje foleni ya wagonjwa ndiyo kwanza inaanza, lakini Mama Mafaili ameshapiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha kumbukumbu. Anavuta faili la mtoto, anapuliza vumbi, anafuata mistari kwa kidole. Ukurasa wa tatu, kidole kinasimama.

"Huyu naye alianza na sikio," anasema.

Ni faili la thelathini na nane la namna hiyo, na bado makabati mawili.

Kwa miaka kumi na tisa, karani huyu ndiye anayeandika waliolazwa hospitalini. Daftari lake lina nafasi ya ugonjwa mmoja tu kwa kila mgonjwa. Zamani aliujaza siku mgonjwa anapoingia, na daktari akibadilisha, anafuta. Mkuu wake akachoka na kufutafuta huko. Basi, miaka mitatu iliyopita, akaanza kungoja siku ya kutoka ndipo aandike. Daftari likawa safi, akasifiwa kikaoni.

Kumbe hapo ndipo alipoharibu. Mtoto analetwa sikio linatoka usaha, usaha unapanda kichwani, na siku ya kutoka, au ya kufa, faili linasema homa ya uti wa mgongo. Yeye ananakili hilo la mwisho.

Waliolazwa kwa magonjwa ya masikio wakashuka kutoka 212 kwa mwaka hadi 97. Uongozi ukafurahi jamani, ukaamua wodi ya masikio, yenye vitanda sita, ifungwe mwisho wa mwezi huu iwe stoo.

"Sista wa wodi alinijia amefura," anasimulia. "Akaniambia, 'Mama, wewe unaandika wamepungua, mimi nawalaza wawili wawili kitanda kimoja. Hawa wangu ni majini?' Nikacheka. Nilipofungua faili la kwanza, kicheko kikaniisha."

Tangu siku hiyo anawahi kazini saa nzima kabla ya wenzake. Hakuna aliyemtuma. Mumewe hapendi.

"Mzee ananiambia, 'Mke wangu, umebakiza miaka miwili ustaafu, unajichimbia kaburi la nini?' Namwelewa. Na kuogopa naogopa, nisikudanganye."

Ana sababu. Mkuu wake amemweleza waziwazi kwamba hesabu zilizofungwa hazifunguliwi mpaka aliyekosea akiri kwa maandishi, na kukiri kosa la daftari ni kujitafutia barua ya kufukuzwa.

Barua ya kukiri ipo mezani, chini ya kikombe cha chai kilichopoa. Ameshaitia sahihi. Alhamisi ataingia nayo kwenye kikao cha uongozi, na mafaili yake kwenye toroli la wodini.

"Wakinifukuza, wanifukuze, vitanda vibaki," anasema, akilifunga faili. "Kumi na mmoja kati ya hawa wamekufa. Kwenye daftari langu, miaka mitatu, hakuna hata mtoto mmoja aliyekufa kwa sikio. Mwandiko ni wangu."