Maneno Kumi na Mawili ya Mke Wangu

Mke wangu aliniambia habari hiyo akiwa anachambua mlenda kwenye ungo. Alisema Jumamosi kuna mtu atakuja kumpigia window kompyuta yake. Alisema bila kuinua uso, kama mtu anayetaja kwamba gesi imekaribia kwisha.

Nilikuwa ndio kwanza nimerudi kazini, nimevua viatu, nimejibwaga kwenye kiti cha plastiki hapo barazani kwetu Makole. Mimi ni afisa TEHAMA katika ofisi moja ya serikali. Mfumo endeshi wa zamani ulikuwa umefikia mwisho wa kupata masasisho ya usalama, na kwa wiki kadhaa kazi yangu ilikuwa kupita chumba hadi chumba nikiziwekea kompyuta za watu mfumo mpya. Nilikuwa nimewapigia window makatibu muhtasi, wahasibu na mkurugenzi mwenyewe. Sasa nakuja nyumbani nasikia mke wangu ametafuta mtu.

"Fundi gani huyo?" nikamuuliza.

"Si fundi. Ni yule niliyesoma naye chuo, Chimwaga. Wa kwetu."

Kwao ni Chemba. Mke wangu ni Msandawe. Mimi ni Mgogo wa Haneti. Tunaongea Kiswahili ndani ya nyumba kwa sababu ndicho tulichokutana nacho. Huyo wa kwao nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya harusi yetu, alipoinuka na kusema maneno machache kwa lugha yao, ile yenye vidoko vya ulimi, na upande mzima wa bibi harusi ukaangua kicheko. Bibi harusi naye alicheka mpaka akafuta machozi. Nilimuuliza alichosema yule, akanijibu, "Aa, ukikitafsiri hakichekeshi." Sijakisahau kicheko kile hadi leo, ingawa sijui kilihusu nini.

"Na mimi siwezi kuipiga?" nikauliza.

"Unaweza. Ila humo ndani kuna zile sarafu."

Zile sarafu nilikuwa nazifahamu kwa mbali. Walipokuwa wanafunzi, yeye na huyo mwenzake walinunua sarafu za mtandaoni wakati wenzao wote wakiwacheka. Walikaa pamoja maktaba, huyo mwenzake akamfundisha namna ya kufungua pochi, yaani ile programu inayozihifadhi. Pochi yenyewe imo ndani ya kompyuta. Ukiifuta kompyuta, pochi nayo imekwenda, na kinachoweza kuirudisha ni maneno kumi na mawili ya Kiingereza, kwa mpangilio wake, ambayo hupewa mwenye pochi siku anayoifungua. Anayeyajua maneno hayo ndiye mwenye mali. Mimi sikuwahi kumwomba anitajie, wala yeye hakuwahi kunitajia, na nilijiona mume muungwana kwa sababu hiyo.

"Huyo mwenzako anayajua hayo maneno?" nikamuuliza.

Hapo ndipo alipoinua uso. "Hilo nalo ni swali gani?"

Akachukua ungo wake akaingia jikoni. Ijumaa nzima nilikaa ofisini nikiligeuzageuza jibu lake. Mtu ambaye jibu lake ni hapana husema hapana. Nikawaza pale maktaba, vichwa viwili juu ya skrini moja, na yale maneno yakitokea kwa mara ya kwanza. Lazima aliyaona. Basi kuna mwanamume mwingine katika nchi hii mwenye ufunguo wa kitu cha mke wangu ambacho mimi sina. Katibu muhtasi mmoja aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni vumbi.

Jumamosi jamaa alifika mapema, kabla jua halijawa kali. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomkumbuka, na amebeba chupa ya asali ya nyuki wadogo kutoka kwao.

"Shemeji, habari za hapa?"

"Nzuri tu. Karibu."

Neno hilo shemeji lilinichoma. Ni kweli kwa mila ndivyo anavyopaswa kuniita, mtu wa ukoo wa mke wangu. Lakini shemeji wa kweli huja na umbea wa nyumbani na kuomba chai. Hafiki na asali na begi la kompyuta. Kisha wakasalimiana wao kwa lugha yao. Sauti ya mke wangu ilibadilika. Ana sauti nyingine huko, ya chini zaidi na yenye haraka, na nilipoisikia nilihisi kama nimeingia katika nyumba ambayo mke wangu aliishi kabla yangu na samani zake zote bado zimo. Alifungua chupa, akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. Mimi nimemletea zabibu kila msimu tangu tuoane na sijawahi kumwona akifumba macho.

Tulikaa watatu kwenye meza ya chakula. Nilivuta kiti changu nikakiweka mahali ambapo ningeona kila kitu. Nakiri nilikuwa namwombea akosee. Nilitaka akosee kidogo tu, kosa ambalo ningelisahihisha kwa upole.

"Diski ina nafasi kiasi gani?" jamaa akauliza.

"Imejaa," nikajibu kabla mke wangu hajafungua mdomo. "Mfumo mpya hautaingia juu ya ule wa zamani. Itabidi kufuta kila kitu."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi hatugusi kompyuta mpaka tuhakikishe maneno yanafungua pochi kwenye kifaa kingine."

Nami ningesema hivyohivyo. Hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angekosea. Alichukua simu ya zamani ya mke wangu, akaifuta yote, akaweka programu ya pochi. Hakuitafuta tu mtandaoni. Aliandika anwani ya watengenezaji wenyewe herufi kwa herufi, akamwonyesha mke wangu. "Ukitafuta ovyo, matapeli wanakuletea pochi inayofanana. Unaingiza maneno yako, unawakabidhi." Kisha akasimama.

"Haya. Mimi natoka."

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Getini. Anaingiza maneno yake. Si yangu kuyaona."

Nilimtazama. Kumbe hayajui. Nilipaswa kupumua, na kweli nilipumua kidogo, nikasimama nami kwa aibu, nikamfuata nje. Tulisimama getini. Akauliza habari za mvua Haneti, nikamwambia uwele ulikauka. Halafu tukasikia mke wangu akiita kutoka ndani.

"Imekataa!"

Tulimkuta ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika ndege asije akaruka. Skrini ilisema maneno si sahihi. Alikuwa amejaribu tena na tena.

"Umeyaandika wapi?" nikamuuliza.

"Sikuyaandika. Niliyatungia hadithi, nikaishika kichwani. Nywila ya pochi iliyo kwenye kompyuta nilishaisahau, na karatasi niliichoma."

"Uliichoma?" tukasema wote wawili pamoja, mimi na yule jamaa, kwa sauti moja ya mshangao. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kukubaliana bila mimi kuudhika, na haikudumu.

Mke wangu akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu. Alisema zile si sarafu peke yake, alizinunua kwa hela ya kujikimu, akishinda na uji, ili siku moja asimwombe mtu yeyote. Nilisikia hilo neno, mtu yeyote, nikajua nimo. Jamaa hakumsogelea. Alibaki mlangoni, akamwambia kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu:

"Hiyo hadithi uliitunga kwa lugha gani?"

"Ya nyumbani."

"Basi isimulie kwa sauti, taratibu, kama unamwambia mtoto. Ukiisema kimoyomoyo unaruka mahali."

"Utaielewa."

"Ndiyo maana nakwenda mbali. Nitafika mpaka kwenye duka la kona."

Nami nikageuka kumfuata, kwani nilishazoea kuwa wa kutolewa nje. Mke wangu akanishika mkono wa shati.

"Wewe kaa."

"Nitaona skrini."

"Tazama dirishani. Kaa tu hapa. Nikiwa peke yangu natetemeka, na wewe huelewi."

Huelewi. Nilikaa. Nilitazama dirishani, kwenye kamba ya nguo na ukuta wa jirani, na nyuma yangu mke wangu akaanza kusimulia. Sikuwahi kumsikia akisimulia kitu kirefu kwa lugha yake. Vidoko vilikuja kama vijiti vikavu vinavyovunjwa kimoja kimoja. Mahali fulani alitabasamu. Nililisikia tabasamu katika sauti. Mahali pengine alisita, akarudi nyuma, akasema neno moja mara nyingi kwa namna tofauti, akalitafuna. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake, na hadithi nzima ya mali yake ikapita masikioni mwangu bila kuniachia hata punje. Nimechaguliwa kwa sababu ya ujinga wangu, nikawaza. Yule anayeelewa amesimama dukani juani, na mimi nisiyeelewa ndiye niliyekalishwa. Sikujua nifurahi au nisononeke. Nilifanya yote mawili.

Ghafla akasimama. "Mungu wangu! Ni lile jingine!"

"Jingine lipi?"

"Kwetu ni neno moja. Kwa Kiingereza ni mawili, nami nilikuwa naandika lile lisilo lenyewe."

Akabofya. Kisha akanirukia shingoni kwa nyuma, bado nimegeukia dirisha, akanikumbatia mpaka miwani ikanidondoka. Pochi ilikuwa imefunguka.

Jamaa aliporudi alimwambia mambo matatu tu: ayaandike maneno kwenye karatasi, ayahifadhi mahali pawili palipo salama, na asithubutu kuyapiga picha kwa simu. Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kawaida. Mimi ndiye niliyeleta betri ya akiba kutoka chumbani, maana umeme mtaani kwetu hauaminiki, na mimi ndiye niliyehamisha faili zake nyingine kwenye diski ya nje. Jamaa akafuta, akaweka mfumo mpya. Tulifanya kazi bega kwa bega bila kugongana hata mara moja, nami nikaona ana mikono mizuri ya kazi, ya utulivu, na sikupenda kuona hivyo.

Tulikula ugali na mlenda. Baadaye nilimsindikiza mpaka barabara kubwa, kama inavyotakiwa kwa mgeni. Njiani nikamuuliza kwa nini yuko makini hivyo.

"Zangu nilizipoteza, shemeji," akasema. "Tulinunua siku moja, mimi na yeye. Nikapiga window kompyuta yangu mwenyewe kwa haraka, najiona mjuzi. Maneno nilikuwa nimeyaandika kwenye faili, na faili liko ndani ya kompyuta ileile."

"Pole sana."

"Ndiyo hivyo. Kila akinipigia simu kuuliza jambo la pochi yake, namsaidia, lakini moyo unauma. Leo nimesimama dukani nanunua soda nisiyoitaka, nawaza, yule yuko ndani anasimuliwa."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kunionea mimi wivu kwa kukaa dirishani. Tulipeana mikono, akapanda bajaji.

Nilirudi nikidhani wivu wangu ungekuwa umeisha. Nikamuuliza mke wangu kwa nini hakunipa kazi ile mimi tangu mwanzo. Alikuwa anafuta meza.

"Zingepotea mikononi mwake," akasema, "ningemkasirikia, basi. Zingepotea mikononi mwako, ningelala na hasira hiyo kitanda kimoja mpaka uzee. Sikutaka, mume wangu."

Ni jibu zuri. Nimelikubali. Ile karatasi ameiandika, na wapi ameiweka sijauliza. Lakini kuna siku nikiwa peke yangu nyumbani macho yangu hupita kwenye rafu, kwenye masanduku, kwenye Biblia yake, nikijiambia naangalia vumbi tu.

Wiki iliyofuata simu yake ililia akiwa anasuka nywele. Alisoma ujumbe, akacheka kwa ile sauti yake ya chini.

"Ni yeye. Anauliza kama kompyuta inakwenda vizuri."

"Amesema hivyo tu?"

"Na anakusalimia."

Ujumbe ulikuwa mrefu kuliko hapo. Niliuona ukijaza skrini. Nikamwambia amwambie nami namsalimia, nikaendelea kumenya viazi.