Shikamoo ya Pili Wodini

Leo nusura nimzidishie mtoto dawa mara kumi, mimi mwenye digrii ya hesabu.

Mnajua niliacha kufundisha kule Kirushya, nikarudi chuo kusomea digrii ya uuguzi. Sasa niko mazoezini, wodi ya watoto.

Mama wa mtoto akanitambua. "Afadhali ni wewe, mwalimu. Dada yake ulimfundisha."

Nikapiga hesabu ya dozi kichwani, kama nilivyozoea darasani. Nikavuta dawa kwenye sindano.

Hapa dozi ya mtoto hupigiwa hesabu na watu wawili, kila mtu kivyake. Sista wa zamu, binti mdogo tu, akaandika yake kwenye karatasi. Akaitazama sindano yangu.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba urudie."

Asubuhi alishaniamkia. Hiyo shikamoo ya pili ndiyo iliyonitisha.

Nikarudia kwa kalamu. Nilikosea nukta ya desimali.

Tukamwaga ile, tukavuta nyingine. Mama hakujua kitu. Alinishukuru mimi.



Wauguzi mliomo humu, huu woga huwa mnaupeleka wapi? Maana mama ameomba dozi ya kesho asubuhi nimpe mimi.