Mwalimu Gerevazi wa Mbarara, ulijua kwa nini madaktari wetu wanaanguka mtihani wa Kiingereza

Wakuu, salamu kwenu wote humu ndani. Mimi ni mama wa Rubondo, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta nimeandika vibaya someni tu, mtanielewa. Sina sababu ya kudanganya na majina sitaficha.

Naanzia fasi inayouma. Fasi kwetu ni mahali.

Mdogo wangu alitoka kwenye geti la hoteli moja ya Mbarara, mchana wa jua kali, shati limelowa mgongo mzima. Mwaka ule watu wa mtihani walikodi ukumbi humo. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na sahani ya mihogo, nimeifunika na kitenge.

Hakuja kwangu. Alikaa chini palepale getini, kwenye vumbi, bodaboda zinampigia honi. Kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Nikakimbia. "Docta, simama, bantu banakuangalia!"

Akasema: "Yaya, nimeanguka. Nilimuficha ule mama ugonjwa yake."

Yaya kwetu ni dada mkubwa. Na huyo mama hakuwa mgonjwa wa kweli, alikuwa mtu wa mtihani. Ngojeni nirudi nyuma.

Mimi nilikimbia kutoka Uvira, Kongo, 1996. Niliruka maiti za watu ninaowajua majina. Mdogo wangu alibaki Bukavu kwa mjomba, akasoma mpaka akawa daktari. Baadaye vita ikamfuata na yeye, akanikuta Rubondo, ana stetoskopu ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuna kitu kingine alichobeba.

Makaratasi yake yote ni ya Kifaransa. Kazi hakupata. Daktari mzima akawa analima mahindi na mimi.

Halafu Mungu akafungua mlango. Hospitali moja ya Ulaya ikamkubali, kwa sharti moja tu: afaulu mtihani wa Kiingereza wa madaktari kabla mwaka haujaisha. Akikosa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Mtihani wenyewe una kusikiliza, kusoma na kuandika. Mwisho kuna ile wanaita speaking. Unaingia chumbani, mtu wa mtihani anajifanya mgonjwa, wewe unaongea naye kwa Kiingereza kama uko hospitali.

Sasa hapo ndipo anaingia Pasta Zakaria.

Jumapili alisimama madhabahuni akasema kuna mtumishi Mbarara anaitwa Mwalimu Gerevazi, anafundisha madaktari huo mtihani, na hakuna anayetoka kwake bure. Kanisa likapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu.

Mdogo wangu akawa anaenda Mbarara kila wiki. Gerevazi alikuwa na chumba juu ya duka la vitambaa. Aliwapa maneno magumu wayakariri na barua za kuandika. Ya mgonjwa hakuigusa. Wakimwuliza anasema: "Nyinyi ni madakitari, kuongea na mugonjwa munajua. Mazoezi ya hiyo mufanye nyumbani."

Tukafanya nyumbani.

Jioni tukitoka shamba nalala kwenye mkeka mbele ya nyumba, mimi mgonjwa. Yeye anauliza kwa Kiingereza, mimi najibu kwa Kiswahili, nakohoa, naguna. Majirani wanajaa kwenye ua. Mama Furaha, jirani yangu, mdomo wake hauna mlango: "Docta, huyu mugonjwa wako anakufa kila mangaribi, tutamuzika siku gani?" Watu wanacheka mpaka kuku wanakimbia.

Na ikifika ugonjwa mkubwa, sikilizeni hapa vizuri, mdogo wangu ananiacha kwenye mkeka. Anauliza: amekuja na nani? Mama Furaha anainuka, ndiye ndugu wa mgonjwa. Wanasogea pembeni, docta anamweleza yeye kwa Kiingereza kizuri sana, polepole, kwa huruma. Mama Furaha haelewi hata neno moja lakini anatikisa kichwa na kufuta machozi. Halafu docta anarudi kwangu: utapona mama, kula vizuri.

Tulimpigia makofi hapo.

Kwa sababu kwetu ndivyo ilivyo. Huwezi kumtazama mgonjwa usoni ukamwambia una kansa. Unamwita kaka yake, mjomba wake, unampeleka veranda, unamwambia yeye. Mama yetu alifanyiwa hivyo, akaondoka ametulia, na tulimshukuru yule daktari mpaka leo. Ukimwambia mgonjwa mwenyewe, watu watasema umemwua kwa mdomo.

Siku ya mtihani ikafika. Asubuhi aliniambia kusikiliza, kusoma na kuandika haogopi. Kweli, saa ya mapumziko alitoka anatabasamu, akala muhogo mmoja, akasema: "Yaya, inabakia kuongea tu. Hiyo ni kazi yangu."

Akarudi ndani. Mimi nikabaki naangalia lile geti.

Wenzake wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mmoja anacheka na simu. Mwingine kapita anatafuta bodaboda. Kila geti likilia nasimama. Nilisema sala zote ninazozijua, nikarudia. Mlinzi akaniita nyabo, yaani mama kwa huku: "Nyabo, kaa chini, hata ukisimama hawatamaliza mbio." Sikuweza kukaa.

Huko ndani, haya alinieleza mdogo wangu. Mwanamke wa mtihani akawa mgonjwa. Kwenye kadi aliyopewa mdogo wangu asome kwanza, majibu ya maabara yametoka, ni kansa. Akauliza: daktari, nina nini?

Mdogo wangu akamwuliza: mama, umekuja na nani?

Akajibu: niko peke yangu. Niambie.

Akamwuliza: huna mume? Huna kaka? Tumwite kwanza.

Akasema: ni mwili wangu, nataka kujua sasa.

Mdogo wangu anasema jasho lilimwingia machoni. Akamwambia usiogope, utapona, kesho njoo na mtu wa nyumbani. Yule mama akauliza tena. Na tena. Sauti ikapanda. Mpaka muda ukaisha, kansa haijatajwa.

Majibu yalipokuja, kusikiliza, kusoma na kuandika alifaulu zote. Akaanguka kuongea. Ulaya wakampa nafasi mtu mwingine.

Wakuu, mpaka hapo nilikuwa nasema ni bahati mbaya. Pasta Zakaria naye akaja nyumbani kutuambia Mungu hakupanga. Nikaitikia amina.

Lakini mimi nauza dagaa pale Misiera, humuhumu kambini. Siku moja akaja docta mmoja Mrundi kununua, tukaongea, nikamweleza ya mdogo wangu. Akaweka dagaa chini. "Mama, mimi pia. Mwaka uliomtangulia yeye. Nilimwuliza mgonjwa alikuja na nani. Na nilirudi nikamwambia Gerevazi kwa mdomo wangu, ili awaonye wengine."

Dagaa sikuuza tena siku ile.

Kesho yake nikapanda gari mpaka Mbarara. Nilimkuta juu ya lile duka anakunywa chai. Nikamwuliza: "Mwalimu, ulijua wanataka mgonjwa aambiwe mwenyewe?"

Akasema: "Nyabo, hapa si soko ya mukene." Mukene ni dagaa kwa huku. Wanafunzi wake wakacheka.

"Ulijua ao hukujua?"

Akapuliza chai yake. "Hiyo nafundisha kozi ya pili. Ya wale wenye kurudi."

Kozi ya pili! Yaani uanguke kwanza, ndiyo uambiwe jiwe liko wapi.

Nilirudi kwa Pasta Zakaria nikamweleza yote. Nilimwomba kitu kimoja tu, asimame palepale madhabahuni awaonye madaktari wengine. Akasema mambo ya shule hayaingii madhabahuni. Kumsifu Gerevazi kuliingia, lakini.

Mdogo wangu alichoka kulima. Amerudi Kivu, anatibu kwenye zahanati moja milimani, fasi ya risasi. Simu yake siku zingine inaita, siku zingine haiiti. Leo haijaita.

Mwenye ndugu anayejiandaa na mtihani huo, mwambie hivi: wale watu wanataka mgonjwa aambiwe yeye mwenyewe. Kwa upole, polepole, lakini yeye. Usiwe na aibu. Fanya mazoezi na mtu atakayekukatalia, si na dada anayekupenda. Na mwalimu wako mwulize mapema nini kiliwaangusha wa mwaka jana. Akizungukazunguka, ondoka.

Mliosoma kwa huyu mtu, au mlioanguka fasi ileile, andikeni hapa chini, hata mnaotaka kunipinga andikeni.

Lakini nataka kwanza ajibu Gerevazi. Najua unasoma humu, wanafunzi wako ndio walionionyesha huu ukumbi. Ni madaktari wangapi uliwaacha waingie kile chumba hawajui, na wewe unajua? Na wewe Pasta Zakaria, ni wangapi uliwapeleka kwake baada ya mimi kukuambia?

Jibuni hapa, mbele ya watu. Mnitajie majina yao.