Faili la Daktari wa Huruma

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya vibali vya kazi, miaka ya sabini, Mkuu wa Masijala alinionyesha rafu za mafaili kuanzia sakafuni hadi darini, akaniambia, "Kijana, humu ndani huna ndugu wala jirani. Una faili tu." Niliyashika maneno hayo kama mwanafunzi anayeogopa kiboko. Sasa nimechoka, sitaki kuyapamba. Ndiyo yaliyoniponza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgeni akitaka kufanya kazi nchini, mwajiri wake alimwombea kibali. Daktari aliombewa na hospitali. Mtafiti alihitaji kwanza idhini ya utafiti, yaani barua ya serikali inayosema anachunguza nini na kwa faida ya nani. Aliyekuwa daktari na mtafiti kwa pamoja alitutoa jasho. Faili lake lilizunguka meza hadi meza, kila afisa akisema si lake, na sisi makarani ndio tuliolisukuma kwa kuuliza kila wiki limefika wapi. Faili lisiloulizwa halikusogea.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nililetewa faili la daktari mmoja mwanamke kutoka Uganda, aliyetaka kuongezewa muda. Alikuwa akichunguza kifua kikuu kule mtaa wa Huruma, nilikoishi. Dawa za wakati huo zilimezwa mwaka mzima na zaidi, na wagonjwa wengi walizichoka wakaziacha njiani. Yeye aliwafunza akina mama wa mtaa kupeleka dawa hadi mlangoni na kuhakikisha zimemezwa, kisha akaandika nani alimaliza na nani hakumaliza. Mke wangu alikuwa mgonjwa wake. Mama Ndunge, jirani yetu muuza mboga za sukuma wiki, pia.

Nilimweleza Afisa Mkuu wa Vibali kwamba daktari huyo anamtibu mke wangu.

"Mpe mwenzako hilo faili," alisema, "na usiliguse tena."

Nikampa. Wiki hiyo hiyo mwenzangu akaenda likizo, faili likabaki mezani pake, hatua nne kutoka kiti changu. Nililiona kila asubuhi. Neno moja kwa Afisa Mkuu lingetosha, lakini niliogopa kusemwa kwamba nampigania mke wangu. Nilijiona mwadilifu. Hata nilijisifu moyoni, Mungu anisamehe.

Daktari alikuja kaunta mara tatu. Mara ya mwisho alinikazia macho. "Bwana karani, wagonjwa wangu wako katikati ya dawa. Nikiondoka sasa, nani atawafuata?"

"Faili liko kwa mwenzangu, daktari," nilimjibu. Sikumwambia kwamba mwenzangu hayuko.

Kibali chake kikaisha, akaondoka. Mwenzangu aliporudi, faili lilipita bila shida na kibali kipya kikatoka. Hakuna aliyekuja kukichukua.

Kule mtaani akina mama waliacha kuzunguka, maana dawa zilitoka kwa daktari. Mke wangu nilimpeleka kliniki ya mjini, nikamsimamia kidonge kwa kidonge hadi akapona. Mama Ndunge hakuwa na wa kumsimamia, na kibanda chake cha mboga hakingejifungua chenyewe akienda kliniki. Kikohozi kilipopungua aliona amepona, akaacha kufuata dawa huko. Kilimrudia kwa nguvu. Tulimsindikiza kwao Kitui ndani ya jeneza.

Tuliporudi nilimweleza mke wangu yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba Kyalo, kuuliza tu? Kuuliza faili limekwama wapi?"

Ninyi mnaoanza kazi hizi, jambo likimhusu mtu wenu, jitoeni, ni sawa. Lakini ulizeni. Mimi nilidhani kunyamaza ni uaminifu, kumbe nilikuwa nalinda jina langu.

Siku ya kuniaga kazini, bosi alisimama akasema kwamba kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumpendelea mtu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mke wangu alikuwa ameketi kando yangu. Mikono yake ilibaki mapajani.