Mkono wa Mwalimu Uliokatazwa Fimbo

Usinicheke, rafiki yangu, nikikwambia kwamba kwa miaka mingi, hata ndevu zilipokuwa zimeota, niliamini mwalimu wetu mkuu hakuwa na uwezo wa kumchapa mtoto. Si kwamba hakupenda. Hakuweza. Habari tuliyokuwa nayo sisi wanafunzi ilikuwa imekamilika kila upande. Huko alikotoka, chini kando ya ziwa, alimwinulia fimbo mjukuu wa kikongwe mmoja mwenye dawa zake, na mkono wa kulia ukakwama hewani. Akalala nao hivyo, akaoga nao hivyo, ndege wakatua juu yake kama kwenye tawi. Alipohamishiwa kwetu Mbinga ilibidi apande lori la samaki lisilo na turubai, maana ndani ya basi mkono ungetoboa paa. Lori lilipomaliza kupanda milima ndipo yule kikongwe akamhurumia, akaushusha kwa mbali, kwa sharti moja: siku utakayomwinulia mtoto fimbo tena, mkono unapanda na haushuki.

Na ushahidi tulikuwa nao. Asubuhi mstarini, ukungu umelalia mabati ya madarasa, mwalimu alisimama mbele yetu mkono wa kulia umezama kwenye mfuko wa koti. Hautoki. Kama hauna jambo, unafichwa wa nini?

Haya yamenirudia juzijuzi kwenye kikao cha wazazi, shuleni kwa binti yangu. Hoja ilikuwa utovu wa nidhamu. Mzazi mmoja alisema watoto wa siku hizi wameharibika kwa kukosa viboko, akapigiwa makofi. Mimi, niliyekipata kidato cha nne ukubwani kwa masomo ya usiku, sijawahi kuiacha nafasi ya kuzungumza ipite. Nikasimama kupinga, na kwa mfano nikaieleza habari ya mwalimu wetu, mkono na lori na ndege na yote. Watu walicheka mpaka madawati yakasogea. Alipopata pumzi, mwalimu kijana aliyekiongoza kikao akaniuliza, kwa heshima zote, kama nilishawahi kumwona mwalimu aliyeweza kuchapa na hakuchapa. Maana huyu wangu, alisema, kwa maelezo yangu mwenyewe, hakuwa na la kufanya.

Nikakaa. Swali lile nikarudi nalo nyumbani.

Ngoja nikueleze shule yenyewe ilivyokuwa. Ilijengwa kwenye mgongo wa mlima, na chini yake mteremko wote ulikuwa ngoro, yale mashimo tunayoyachimba sisi Wamatengo kwa mistari, matuta yake yakiwa yamejaa maharage. Ukitazama kutoka juu ungedhani mtu ametandika mkeka wa vyumba vyumba kuanzia mawinguni hadi mtoni. Asubuhi kulinukia moshi wa kuni mbichi na, msimu wa mavuno, maganda ya kahawa yakichachuka nyuma ya kila nyumba.

Mwalimu mkuu aliyetangulia alikuwa mtu wa fimbo, na fimbo tulitumwa kuzikata wenyewe. Ukileta nyembamba unarudishwa. Nyingi tulizikata kwenye mikahawa ya shambani kwetu, na baba akiliona tawi lililokatwa anakuchapa kwa ajili ya mkahawa. Kwa hiyo kosa moja lilikuwa na malipo shuleni na nyumbani. Baba yangu alizoea kusema mtoto na punda ni ndugu, na nadhani punda angekata rufaa.

Ndipo akaja huyu wa ziwani, mpole, mwenye koti. Mwezi wa kwanza hakuna aliyechapwa. Wa pili vilevile. Habari ya mkono ilipotufikia tulishukuru sana kuelewa, kisha tukaanza kuteseka. Unajua kuna ajabu ya namna hiyo mfukoni mwa mtu, na huioni! Wavulana wa darasa la sita tulikaa tukaafikiana kwamba lazima mmoja wetu afanye kosa kubwa ambalo mwalimu hataweza kulivumilia. Atasahau sharti, atainua fimbo, na sisi tutaushuhudia mkono ukikwama. Nikajitolea. Nilikuwa na kifua kipana kuliko akili.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi. Mchana wa saa ya chakula nikapanda, nikakata kamba. Mpango ulikuwa rimu ianguke chini tu. Lakini rimu, rafiki yangu, ni duara, na shule yetu ilikuwa mgongoni mwa mlima. Ilianguka, ikayumba, ikaufikiria mteremko kidogo, ikaondoka. Iliruka ngoro hadi ngoro kama mbuzi aliyefunguliwa. Ikiingia shimoni inavunja tuta, inatoka, inavunja jingine. Mpaka leo nasikia ule mlio wake ikigonga mawe, kengele ya shule ikituaga. Ilisimama mtoni. Nyuma yake shamba la bibi jirani, mjane aliyeishi peke yake, lilikuwa limepasuliwa katikati, maharage yaliyokwisha kutoa maua yamelala na mizizi juu.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Kamati ya shule ikatangaza itakaa Ijumaa, na wazee kadhaa walishasema nifukuzwe. Baba hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kama shule imenishinda, mjomba wangu wa Litumbandyosi anahitaji mtu wa kufukuza nyani shambani. Usiku huo nilizipenda hesabu kuliko siku yoyote maishani mwangu.

Kesho yake mstarini niliitwa mbele. Mwalimu akautoa mkono wa kulia mfukoni. Ukapanda taratibu, ukapita kifua, ukapita bega, nami nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa anajikuna kichwa.

"Aliyeumia ni nani?" akauliza.

Nikasema ni bibi.

"Basi twende kwa bibi."

Tukaenda, yeye na jembe, mimi na mundu. Bibi aliitikia shikamoo zetu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Mwalimu akavua koti, akatema mate viganjani, akaanza kuchimba. Mtu wa ziwani! Alichimba shimo zuri la kuzikia mbwa. Bibi akamtazama kwa muda, kisha kicheko kikamponyoka, akaketi chini.

"Mwalimu, nyasi kwanza," alisema. "Udongo usiolazwa juu ya nyasi unaondoka na mvua."

Mwalimu akanigeukia akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia kila mtoto wa huku anajua. Akanikabidhi kazi nimfundishe. Kwa hiyo nilifyeka nyasi, nikamwonyesha namna ya kuzilaza ziwe vyumba, kisha namna ya kuchota udongo wa katikati na kuzifunika mpaka tuta lisimame na shimo libaki la kuyapokea maji. Alikosea, nikamkosoa. Akakosea tena. Kila jioni baada ya masomo tulikuwa huko, na bibi alitupikia ugali na maharage, mwalimu akaongezea usipa, dagaa aliotumiwa kutoka kwao, wadogo, wakavu, wanaonukia ziwa. Hakuwahi kunihubiria. Mara moja tu aliniuliza nilikuwa nataka kuona nini siku ile nilipokata kamba. Nikaomba maharage zaidi. Hakunisukuma.

Utauliza, mkono uliokuwa ukichimba hivyo haukutushtua? Haukutushtua hata chembe. Tulikubaliana, baada ya mjadala mrefu, kwamba mkono umeruhusiwa jembe, haukuruhusiwa fimbo.

Ijumaa kamati ikakaa darasani, mimi nimesimama karibu na ubao. Wazee wakasema yao. Mwalimu akaomba kwanza asikilizwe mwenye shamba. Bibi aliingia na khanga yake ya kanisani, akasalimia, wala hakukaa.

"Matuta niliyovunjiwa yameshasimama," alisema. "Palizi bado. Mkimfukuza huyu, mtakuja kunipalilia ninyi?"

Hakuna mzee aliyejitolea. Nikabaki shuleni. Nilipalilia shamba lile mpaka maharage yakavunwa, na msimu uliofuata nilikwenda bila kutumwa na mtu.

Bibi alishazikwa. Mteremko wake sasa una miti ya mbao, na ngoro zake ukizitafuta unaziona kwa miguu tu, unapojikwaa. Mkaratusi ulikatwa, shule imepata kengele ya umeme inayolia kama ndege mgonjwa, na barabarani malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka yana rimu za kutosha kengele za nchi nzima, lakini hakuna anayeziomba.

Baada ya kile kikao sikupata usingizi mzuri. Jumamosi nikateremka hadi Lundo, kule ziwani, anakoishi mwalimu wetu tangu alipostaafu. Nilimkuta ufukweni, shati limefunguliwa vifungo, anageuza usipa kwenye kichanja kwa mkono uleule. Shikamoo yangu aliijibu kwa kuniita fundi wa ngoro. Tukaketi. Nikamsimulia, kwa mara ya kwanza, tulichokuwa tunataka kuona: kikongwe, lori la samaki, ndege, sharti. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kola. Nikamwambia swali la yule mwalimu kijana, kwamba kama hukuweza, basi hapakuwa na wema ndani yake. Hapo akaacha kucheka.

"Mbinga kuna baridi," alisema. "Mimi ni mtu wa ziwani, mkono niliuweka mfukoni upate joto."

Akageuza usipa wa upande wa pili.

"Kuchapa ningeweza. Sikutaka."