Vimisumari vya Bomu

Bomu lilipasukia juu ya malisho yetu, kule Masisi, wakati tunakamua ng'ombe. Hatukuwahi kufika mahali petu pa kujificha; tulilala mtaroni, mimi na Papa.

Tulipoinuka, majani yalikuwa yamejaa vimisumari vyembamba vyenye mabawa madogo mkiani. Kwetu nyumba ni za mbao, na msumari hautupwi. Papa, aliyekuwa mwindaji, akaviokota, akavishindilia ndani ya ganda la risasi ya bunduki yake ya kuwindia. Nikamfokea kwa woga: nani anacheza na kitu kama hiki?

Akaupiga mlango wa zizi la zamani. Vimisumari viliruka ovyo, vingi vikaugonga kwa ubavu na kuanguka. Papa akacheka.

"Hii vitu haina nguvu. Ata nyani haiwezi kufa nayo."

Nikamvuta mkono hadi kwenye mkaratusi mkubwa. Humo bomu lilikuwa limevizamisha vingine mpaka mkiani. Alijaribu kung'oa kimoja kwa koleo, kikakataa. Kicheko kikamwisha.

Vyote vilikuwa upande wa nyuma, pale tulipozoea kujificha.